'Fomu ndogo' si ndogo: Istilahi inavyowapotezea watunzi wa kamusi maneno yao

Kiswahili hakijakosa majina ya vifaa. Tuna tarakilishi, kipakatalishi, kishikwambi na rununu. Tuna nywila na barua pepe. Wenye kupenda ubishi wanaweza kukesha wakizozania tarakilishi na kompyuta, lipi ndilo neno halisi, kana kwamba kifaa chenyewe kitakataa kuwaka kikiitwa kwa jina lisilo lake. Kinachotupungukia ni majina ya kazi zinazofanyika ndani ya vifaa hivyo. Ukiulizwa kipakatalishi ni nini, utajibu papo hapo. Ukiulizwa, kwa Kiswahili, jinsi ya kuongeza maelezo mapya katika hifadhidata yenye majedwali matatu yanayotegemeana, utagugumia kidogo kisha utahamia Kiingereza, na wala hakuna atakayekulaumu.

Leo nataka tuiweke katika mizani istilahi moja ya kazi hiyo: 'fomu ndogo'. Ndiyo tafsiri inayomjia mtu upesi anapokutana na fomu iliyopachikwa ndani ya fomu nyingine katika programu kama vile Access ya Microsoft au Base ya LibreOffice. Ni fupi, inatamkika, na kila mtu huona ameielewa. Shida ni kwamba anachokielewa sicho kitu chenyewe. Jina hili humpotosha anayeingiza data, na katika kazi ya kamusi hasara yake huhesabika kwa maneno yanayopotea. Msomaji atakayehisi kwamba ninakuza jambo dogo na anivumilie hadi tufike kwenye neno 'ndoo'.

Tuchukue mfano ulio karibu na safu hii. Tuseme mwanafunzi wa uzamili anakusanya msamiati wa Kiamu na Kimvita. Mchana anaketi na wazee Lamu na Mombasa, anawasikiliza na kunakili. Jioni anaingiza alichopata katika hifadhidata. Asipokuwa na uzoefu ataanza na jedwali moja: safu wima ya kidahizo, safu wima ya maana, safu wima ya mfano. Jedwali hilo litamfaa kwa siku mbili tatu. Kisha atafika kwenye 'kichwa', ambacho ni kiungo cha mwili, ni injini ya gari la moshi, ni anwani ya habari gazetini, na ni akili pia, maana husemwa kwamba fulani ana kichwa. Aongeze safu wima ya maana ya pili, ya tatu na ya nne? Na maana ya pili ikiwa na mifano mitano? Jedwali litarefuka ubavuni kama mkeka usio na ukingo, na sehemu kubwa yake itabaki tupu kwa sababu maneno mengi hayana maana nne.

Dawa ya ugonjwa huo imejulikana tangu 1970, mwaka ambao Edgar Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha makala yaliyozaa hifadhidata za aina tunazozitumia hadi leo. Kila aina ya kitu ipewe jedwali lake. Vidahizo vikae kwao, fahiwa zikae kwao, mifano ikae kwao. Kila kidahizo kiwe na nambari isiyorudiwa. Kila fahiwa iwe na nambari yake, kisha ibebe pia nambari ya kidahizo inachokitegemea. Kila mfano nao ubebe nambari ya fahiwa yake. (Kwa kando: hifadhidata hizi huitwa za uhusiano, na wengi hudhani uhusiano huo ni ule wa jedwali na jedwali. Sivyo. Codd aliazima neno la wanahisabati, ambalo kwake lilikuwa jina la jedwali lenyewe. Tafsiri ikishakaa vinywani ni vigumu kuing'oa, kwa hivyo sitajaribu.)

Mpango huo ni mzuri kwa mashine lakini ni adha kwa mtu. Nani atakumbuka kwamba 'kichwa' ni nambari 1,482? Hapo ndipo fomu inapoingia. Fomu kuu huonyesha kidahizo kimoja kwa wakati mmoja. Ndani yake pamepachikwa fomu nyingine inayoonyesha fahiwa za kidahizo hicho tu, si za kingine. Mwandishi akiandika fahiwa mpya katika ule mstari mtupu wa chini, ambao katika Access huwa na alama ya nyota, programu yenyewe huichukua nambari ya kidahizo kilichoko juu na kuibandika kwenye fahiwa hiyo. Hakuna aliyeiandika nambari wala aliyeiona. Imerithiwa.

Hebu basi tujiulize: ni kipi hapo kilicho kidogo? Fomu ya fahiwa inaweza kujaza skrini nzima ilhali fomu kuu ina neno moja tu. Jedwali la fahiwa lina mistari mingi kuliko la vidahizo, na la mifano huyashinda yote mawili. Tukipima kwa ukubwa, hiyo inayoitwa ndogo ndiyo pandikizi. Sifa inayoitambulisha ni utegemezi: haiwezi kuandika kitu chenye maana kabla fomu kuu haijasimama mahali fulani. Kiambishi cha Kiingereza kilichotuletea tafsiri yetu hubeba dhana ya kuwa chini ya kitu kingine. Mtafsiri akauona udogo, utegemezi ukampita.

Ajabu ni kwamba Kiswahili tayari kina neno, tena liko katika kurasa za biashara. Kampuni inayomilikiwa na nyingine huitwa kampuni tanzu, hata kama mtaji wake ni mkubwa kuliko wa nyingi zinazojitegemea, na ile inayoimiliki huitwa kampuni mama. Wanafasihi nao wana tanzu zao, na chini ya tanzu wana vipera. Utanzu ni tawi. Ukisema 'fomu tanzu' umesema kwa pumzi moja kwamba kitu hiki kimeota juu ya kingine. Ukisema 'fomu mama' hakuna atakayeuliza ni ipi. Kwa nini tusiichukue jozi hii kama ilivyo? Haihitaji kamati wala warsha hotelini.

Sasa tuone jina linavyomponza mtu. Aliyefundishwa 'fomu ndogo' huiona kama kisanduku kilichowekwa hapo ili kubana nafasi. Asubuhi anafungua hifadhidata, fomu kuu iko kwenye ukurasa mpya mtupu, naye anaruka moja kwa moja hadi kisandukuni na kuanza kuandika maana. Kidahizo hakijaandikwa. Hakuna nambari ya kurithi. Programu itafanya lolote kati ya mambo mawili, kutegemea aliyeyaunda majedwali. Iwapo alisema kwamba nambari ya kidahizo ni ya lazima, programu itakataa kuhifadhi mstari huo na kumtolea mwandishi onyo, naye atakereka lakini atakuwa salama. Asiposema hivyo, programu itakubali kimya kimya. Mstari utahifadhiwa bila nambari ya mama.

Kimya hicho ndicho kibaya. Mwandishi ameona maneno yake yakiingia. Kesho akilifungua neno lilelile, hayapo, kwa sababu fomu tanzu huonyesha tu mistari yenye nambari ya kidahizo kilichoko juu, na mstari wake hauna nambari yoyote. Haujafutika. Uko jedwalini, ila hauna mlango wa kutokea. Atadhani alisahau kuandika, ataandika tena, na ikiwa hatabadilisha mazoea yake utapotea wa pili pia.

Kuna walimu wanaosema kwamba tiba ni kuwasha ile kanuni inayodai kila mtoto awe na mzazi aliyepo. Ni kweli nusu. Katika Access, kanuni hiyo humzuia mtu kuandika nambari ya mzazi asiyekuwepo. Haimzuii kuacha nafasi hiyo tupu. Ni lazima nafasi yenyewe nayo iwekewe alama kwamba haiwezi kuachwa wazi. Matoleo ya zamani ya Access yalikuwa na ajabu nyingine: kila safu wima ya nambari ilijazwa sifuri mwandishi asipoandika kitu, kwa hivyo mstari usio na mama ulijikuta ni mtoto wa kidahizo nambari sifuri, ambacho hakijawahi kuwepo.

Kinyume chake pia huwashangaza watu. Mwandishi akiandika herufi nne za kidahizo kwenye fomu mama, kisha akabofya ndani ya fomu tanzu, programu huuhifadhi ule mwanzo wake bila kumuuliza. Inalazimika kufanya hivyo, maana mtoto hawezi kupewa nambari ya mama ambaye hajasajiliwa. Asiyelijua hili atakuta kamusi yake ina vidahizo kama 'kich' na 'mwan' na ataanza kutafuta mchawi.

Tumefika kwenye 'ndoo'. Katika Kiswahili sanifu ndoo ni chombo cha maji. Katika Kiamu na Kimvita, pale ambapo lugha sanifu husema 'njia' wenyewe husema 'ndia', na pale inaposema 'njoo' wao husema 'ndoo'. Kwa mtunzi wa kamusi haya ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti, yaani homonimu, na kila moja linastahili kuwa kidahizo chenye nambari yake. Ikiwa aliyetengeneza fomu aliziunganisha kwa kutumia neno lenyewe badala ya nambari, mashine haitatofautisha ndoo na ndoo. Fahiwa ya chombo itajitokeza chini ya wito, na fahiwa ya wito itajitokeza chini ya chombo. Hilo ni kosa la mjenzi, na hugunduliwa mapema.

Kosa la mwandishi huchelewa kugunduliwa. Tuseme nambari zimepangwa vyema. Mwanafunzi wetu amefungua ndoo ya maji, hajagundua, akaandika katika fomu ya mifano: "Ndoo hapa, mwanangu." Nambari ni halali. Mama yupo. Kanuni zote zimetimizwa na programu haina la kulalamikia. Miaka mitano baadaye mhariri aliyekulia bara anapitia kazi hiyo, anakuta sentensi isiyo na ndoo yoyote ya maji ndani yake, anaona ni upuuzi wa usiku wa manane, anaifuta. Pengine ndiyo sentensi pekee katika mkusanyiko mzima iliyotoka kinywani mwa mzee yule ikionyesha neno hilo likitumika. Mzee hayupo tena wa kuulizwa.

Hatari hii huongezeka zinapokuwa fomu tanzu mbili zilizoungana, na kamusi haina budi kuwa nazo: ya fahiwa na ya mifano. Access hairuhusu fomu inayoonyesha mistari mingi kwa pamoja kubeba fomu nyingine ndani yake. Kwa hiyo wajenzi huziweka ubavu kwa ubavu ndani ya fomu mama, fahiwa kushoto na mifano kulia, kisha huziunganisha kwa kisanduku kilichofichwa. Kisanduku hicho hushika nambari ya fahiwa ambayo kishale kimesimama juu yake upande wa kushoto, na upande wa kulia hukisoma. Kishale kikisimama kwenye 'kichwa' cha mwili, mfano mpya utakwenda kwenye mwili. Ukitaka kuandika kuhusu kichwa cha treni, sharti kwanza ubofye mstari wa treni upande wa kushoto. Na kishale kikiwa kwenye mstari wenye nyota ambao haujaandikwa kitu, kisanduku kiko tupu, na mfano utakaouandika kulia utakuwa mwana wa hewa. Mtu anayeziita hizi 'fomu ndogo mbili' ataziona kama madirisha mawili yaliyo sawa. Anayejua kwamba moja ni tanzu ya nyingine atatazama kushoto kabla ya kuandika kulia.

Mswahili hapaswi kuona ugeni katika jambo hili, kwa sababu sarufi yake hulifanya kila anapofungua kinywa. Tazama: "Vitabu vyangu vyote vilivyopotea vimepatikana." Nomino ni moja, imesimama juu kama fomu mama. Kila neno linaloifuata limebeba alama yake, vi na vy, bila msemaji kufikiri. Alama hiyo ndiyo hueleza neno lipi ni la nani. Tunakiita kitendo hicho upatanisho wa kisarufi, na watoto wetu hukisomea tangu shule ya msingi wakidhani kiliundwa kuwatesa.

Huku Nairobi tunajua pia kinachotokea alama ikipotea. "Kitabu yangu imepotea" ni sentensi inayoeleweka, nami si miongoni mwa wanaotaka kuwafunga jela wanaoisema. Nomino ni moja. Hakuna wa kumchanganya naye. Lakini sikiliza hii: "Nimetoa kitabu kwa sanduku yenye imelowa." Kilicholowa ni nini, kitabu au sanduku? Lugha sanifu ingesema 'ambacho kimelowa' au 'ambalo limelowa', na ubishi ukaisha. Ile 'i' ya Nairobi inayobandikwa kila mahali ni ndugu wa ile sifuri ya Access ya zamani: thamani inayojazwa pale ambapo hakuna aliyetaja mama. Panapokuwa na mama mmoja haidhuru. Wakiwa wawili, mtoto hajulikani wa nani.

Mlinganisho huu una mpaka wake, na ni vyema kuutaja. Ngeli ya KI-VI ina maelfu ya nomino, kwa hivyo alama 'ki' huonyesha ukoo, haimwonyeshi mtu. Nambari ya hifadhidata humwonyesha mtu mmoja na si mwingine. Ukitaka mfano wa karibu zaidi, chukua majina ya Waswahili wa pwani: Ali bin Hamisi bin Juma. Ali hubeba jina la Hamisi, Hamisi hubeba la Juma, na ukifuata mnyororo unafika kwa babu. Mfano hubeba nambari ya fahiwa peke yake. Kidahizo haukitaji, hukifikia kupitia kwa baba yake.

Kwa sababu hiyo sioni mvuto wa istilahi nyingine iliyozoeleka, 'ufunguo wa kigeni', ambayo ni jina la ile nambari ya mama inayobebwa na mtoto. Neno 'kigeni' kwetu lina kazi nyingine. Husemwa sarafu za kigeni na lugha za kigeni, vitu vilivyovuka mpaka wa nchi. Nambari hii haijavuka bahari, imetoka jedwali la jirani. Na ufunguo gani huu usiofungua kitu? Mkenya yeyote aliyejaza fomu ya shule iliyodai nambari ya kitambulisho cha mzazi anajua jambo lenyewe. 'Kitambulisho cha mama' kingetosha, na karani angeelewa kwa nini hakipaswi kuachwa wazi.

Tukiwa bado katika mambo ya ukoo, Access huiita nambari ya juu kwa neno la Kiingereza lenye maana ya bwana, na ya chini kwa neno la mtoto. Bwana na mtoto! Kwa msomaji wa pwani, bwana huitana na mtwana, na historia ya jozi hiyo hatuihitaji katika fomu ya msamiati. Mtafsiri wa neno kwa neno angetuletea balaa. 'Mama' inatuepusha nayo.

'Yatima' nalo hutumiwa ovyo kwa kila mstari usio na mzazi. Yatima alikuwa na mzazi, akafiwa. Huo ni mstari ambao kidahizo chake kimefutwa ukabaki peke yake. Mstari ulioandikwa bila mama tangu mwanzo haukufiwa na mtu. Ni mtoto wa kuokotwa. Tofauti hii si ya kujipendekeza kwa lugha, maana tiba zao hazifanani. Kwa yatima utarudi kwenye nakala ya akiba kumtafuta mama aliyefutwa. Kwa wa kuokotwa, nakala ya akiba haina la kukwambia. Itakubidi umtafute aliyeandika na madaftari yake, ikiwa bado anayo. Programu pia zina chaguo la kuwafuta watoto wote mama anapofutwa. Katika duka la vifaa chaguo hilo huenda likafaa. Katika kamusi ya lahaja ningelizima siku ya kwanza, kwa kuwa mtu mmoja akifuta kidahizo alichodhani kimerudiwa atazika na mifano yake yote.

Na 'rekodi' je? Programu hukualika 'kuongeza rekodi mpya'. Kwa msomaji wa kurasa za michezo, rekodi mpya ni ile ya marehemu Kelvin Kiptum aliyemaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2, sekunde 35 mwezi Oktoba 2023. Kwa mwanamuziki, kurekodi ni kuingia studio. Neno hili limebeba mizigo mingi, ila limekwisha kaa na silioni likiondoka. 'Ingizo' lingekuwa wazi zaidi: kitu kilichoingizwa, mahali fulani, na mtu fulani.

Majirani zetu Tanzania wana BAKITA tangu 1967, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, seti ya programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata tofauti zetu za hifadhidata na kanzidata ni utajiri kuliko ugomvi, ingawa maneno yote mawili hupaka picha ya ghala, moja la kuhifadhi na jingine la hazina, yakaacha nje ule utegemezi ninaoulilia hapa. Huku Kenya istilahi hizi huamuliwa na mwalimu aliye mbele ya darasa, mhariri aliye mezani na mchapishaji mwenye haraka. Ndiyo maana naona inafaa zijadiliwe gazetini.

Kuna mahali hata jozi ya mama na tanzu hutumiwa vibaya na wajenzi wa kamusi, napo ni kwenye methali. 'Haraka haraka haina baraka' iwekwe chini ya 'haraka' au ya 'baraka'? Kote kuwili, bila shaka. Msomaji anaweza kuitafuta popote. Lakini fomu tanzu ya kawaida humpa mtoto mama mmoja. Mwandishi huiandika chini ya 'haraka', kisha baada ya wiki mbili huiandika upya chini ya 'baraka', safari hii labda kwa kistari kati ya haraka na haraka, au kama neno moja. Sasa ana methali mbili, na akisahihisha moja nyingine inabaki na kosa lake. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 ilikabiliana na tatizo la jamii hii kwa kukusanya maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya mzizi wake, jambo linalowezekana kwa sababu neno lililonyambuliwa lina mzizi mmoja. Methali ina mizizi mingi kadiri ya maneno yake mazito.

Suluhu ni jedwali la kati lisilo na maneno yoyote, lenye jozi za nambari tu: nambari ya kidahizo na nambari ya methali. Fomu tanzu iliyo chini ya 'haraka' haishiki methali yenyewe. Hushika jozi, na mwandishi huichagua methali kutoka orodha iliyokwisha andikwa. Hapo wanaoingia upya hukwama, kwa kuwa wanataka kuandika methali mpya mumo humo katika fomu tanzu na orodha inawakatalia kwamba haimo. Methali mpya huandikwa kwanza kwao, katika fomu ya methali, mara moja tu na kwa tahajia moja. Ndipo huitwa chini ya 'haraka', kisha ikaitwa tena chini ya 'baraka'.